Nilivyomfichia Mgeni Shida ya Maji

Jamani, leo nusura niukoseshe mtaa mzima bomba kwa ustaarabu wangu!

Kuna dada wa shirika la misaada anaandaa andiko la mradi, wafadhili watuletee maji huku kwetu Pasiansi, kando ya ziwa. Akaomba aje kwangu ajionee shida.

Mimi nikasikia "mgeni" tu.

Nikaazima vitambaa vya makochi kwa jirani yangu, Mama Kulwa. Nikadeki mpaka nje. Madumu yote nikayasukumia uvunguni. Mwanangu Glory nikamvika gauni la ubatizo, na leo wala siyo Jumapili.

Dada akafika, akafungua kompyuta.

"Mama Glory, maji mnapataje?"

"Tunapata, tunamshukuru Mungu."

"Kwa hiyo hamna shida?"

"Hatujambo kabisa! Karibu soda."

Mama Kulwa, aliyekuja kumwona mgeni, akanifinya. "We mwanamke, unatumaliza!"

Nikaleta sato na ugali. Dada akasema, "Naomba maji ya kunawa."



Maji yote nilikuwa nimedekia.

Nikabeba ndoo, Glory mgongoni, mbio ziwani na viatu vya kisigino! Narudi nimelowa, ugali umepoa, na maji yenyewe rangi ya chai.

Dada akaiangalia ndoo. Hakunawa. Akaanza kuandika.

"Mama Glory, andiko langu litaanzia hapa."

Basi wafadhili wakisoma habari za mama wa visigino na ndoo kichwani, ni mimi huyo. Mungu awaguse, Glory akue akichota hapo mlangoni.

Hivi na nyie mgeni akija kuona shida zenu mnazificha, au ni mimi tu?