Kilio cha Anaclet

Mkono ule ndio uliompandisha Germaine mori. Liévin, mtoto wa marehemu kaka yake, amerudi kwao Élisabethville, Kongo, likizoni kutoka chuo cha Ubelgiji, mwaka ule wa 1957, anapita mlangoni na viatu vinavyong'aa, anaunyoosha mkono kama karani wa posta: "Bonjour, tante." Shangazi kwa Kifaransa!

Baba yake, Anaclet, aliyechochea moto wa gari-moshi mpaka kifua kikammaliza, alizikwa huyu bwana mdogo akiwa Ulaya. Sawa, bahari haivukwi kwa miguu. Lakini katika ukoo wao aliyekosa maziko hamsalimu mtu kwanza. Hulia kuanzia uani, aketi chini, ndipo apewe maji na kuitwa mtoto wa nyumba. Asiyelia ni mgeni, na mgeni hana shangazi hapo.

"Rudisha ile mukono!" Germaine akafoka. "Baba yako iko mu udongo, weye unaniletea bonjour? Kule banakufundisha kusahabu baba yako?"

"Tante, kule iko tofauti..."

"Tofauti gani? Bazungu kwabo habakufake? Habana maziko?"

Liévin akaketi kitini bila kukaribishwa. Kosa la pili hilo! Akaeleza kwa sauti ndogo. Telegramu ilipofika alilia kama watu wa kwao wanavyolia, kwa kinywa chote. Wapangaji wenzake wakagonga ukuta. Mama mwenye nyumba akapanda ngazi, si kumshika bega, bali kumwomba anyamaze, watu wanapumzika. Kesho yake akampitishia kadi ya rambirambi chini ya mlango.

"Hakuna muntu alikuya kuikala na weye chini?"

"Hapana."

"Hata moya?"

"Hata moya. Nilikamata mto, nikafunga nayo kinywa. Kiisha nikazoea."

Hasira ya Germaine ikageuza njia, ila haikupungua hata chembe. Watu gani hao, na makanisa yao marefu, wanaogongea ukuta yatima? Na ndio hao hapa waliotoa karatasi za kupima Mwafrika gani kastaarabika! Alitamani kumpa yule mama vidonge vyake ana kwa ana. Kwa kuwa hakuwepo, akamkamata Liévin kola.

"Toka. Ingia tena. Lia."

Liévin akatoka, akasimama uani, akafungua kinywa. Kimya. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na bado hakikutoka kitu.

"Ninashindwa, shangazi."

Germaine akavua kitambaa cha kichwa, akatoka na kujitupa chini miguuni pa kijana, akapiga yowe lililofika barabarani. Jirani yake Régine akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Mama Germaine! Nani amekufa?"

"Anaclet!"

Régine, aliyekuwa kwenye maziko ya Anaclet mwaka uliopita, akamtazama Germaine, akamtazama kijana. Akamvuta Liévin mkono, akamketisha chini, akakaa ubavuni pake na kuanza kulia. Wanawake wengine wakaingia mmoja mmoja.

Uani palikuwa pamekwisha kujaa ndipo sauti ya Liévin iliposikika.