Ombi la Thelathini na Moja

Wiki ya kwanza tu kazini, kwenye kampuni ile kubwa ya programu za simu, Mama Pacha aligundua kitufe cha kuitia gari la wagonjwa hakifanyi kazi kwenye simu za zamani. Akaandika mstari mmoja wa msimbo wa kukitengeneza, akaomba kibali. Ombi likapigwa danadana, kamati hii hadi ile.

"Dada, vuta subira," bosi alimwambia.

Akaivuta miaka tisa, mpaka hasira zikamwisha, wakampandisha cheo, wakamwingiza kwenye kamati yenyewe. Jumatatu moja akakuta maombi arobaini. Hakusoma hata moja, alibonyeza tu: "Lirudishwe, maelezo hayatoshi."

La thelathini na moja lilikuwa limeshaondoka alipoona jina la mwombaji. Lilikuwa lake.

Akafungua la thelathini na mbili.