Kahawa Aliyotafuna Nyumbani Kwangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinitafutie moyo wa kusamehe, mtachoka bure. Mchungaji naye alishaniuliza habari ya kusamehe, nikamwambia Mungu anajua ninapokaa. Ninachotaka mjue ni jinsi mtu alivyotaka kuizika kesi ya mjukuu wangu kwa kahawa ya nyumbani kwangu, na jinsi kahawa hiyo ilivyomkwama kooni.

Mjukuu wangu anachambua kahawa katika kiwanda kimoja hapa Bukoba. Wanakaa mezani wanawake peke yao, wanatoa punje mbovu na vijiwe kutwa nzima. Msimamizi wao, mtu wa makamo kutoka upande wa Muleba, alikuwa na mkono usiotulia. Alianza kwa kuwainamia wasichana mabegani, eti anakagua. Siku moja akamwita mjukuu wangu stoo, akamshika mwili nyuma ya magunia, akamwambia mkataba wake unakaribia kwisha, basi achague. Mtoto akamsukuma, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mama wa utumishi kupeleka malalamiko. Sikumtuma mimi. Nilipopata habari alikuwa ameshafanya, nikamwambia amefanya kitu cha mtu mzima.

Malipo yake yakawa kuhamishwa. Wakamtoa mezani kivulini, wakampeleka nje kuanika kahawa juani, wakasema ni kwa usalama wake. Msimamizi akabaki ndani anachezesha funguo za stoo.

Siku hizo nilikwenda Kishanda kumzika dada yangu. Huku nyuma, Jumapili baada ya ibada, msimamizi akafika kwangu Ijuganyondo na wazee wawili waliovaa makoti. Mkamwana wangu akawafanyia kile tunachomfanyia kila anayeingia: akawaketisha, akateremsha kikapu kidogo cha kahawa kavu za kutafuna, akawapa. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kinywa kikiwa kitupu. Wakatafuna, wakazungumza habari za mvua na migomba inayonyauka, wakaaga. Neno la stoo halikutajwa. Mwanangu aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi akiwasifu kwamba ni watu wastaarabu.

Kesho yake msimamizi akatangaza ofisini kwamba mambo yamekwisha. Ameketi na familia, wametafuna kahawa pamoja, na Mhaya yeyote anajua maana yake ni kwamba wamepatana. Mashahidi anao. Mjukuu wangu akaitwa aweke sahihi ya kufuta malalamiko. Akakataa.

Aliponisimulia, nilikuwa ndiyo kwanza nimefika, hata kitenge cha msiba sijavua. Mwanangu akasema labda tuyaache, watu wasije wakatusema. Nilimtazama mpaka akakumbuka kwamba ng'ombe hawajanyweshwa.

Asubuhi nikaongozana na mtoto hadi kiwandani. Mama wa utumishi ni msichana tu, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini alinipa kiti akanisikiliza. Nilimwambia nataka yule mtu afukuzwe leo, wachambuaji wote wakiona. Akasema haiwezekani. Lazima aandikiwe anachotuhumiwa, apewe muda wa kujiandaa, aje na mtu wa kumsindikiza, asikilizwe. Nikamuuliza, na huyu aliyeshikwa, yeye ana nini? Akainamisha macho. Akasema huyu naye ana haki ya kuja na mwenzake kazini, jina lake lisitembezwe, na asiadhibiwe kwa kulalamika.

"Basi mrudishe mezani leo," nikasema. "Na kama kuna wa kukaa mbali na mwenzake, akae yule."

Mtoto akarudishwa. Msimamizi akaambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea, na mshahara anapata. Mshahara ule uliniuma kama jipu.

Siku ya kusikilizwa, mimi kama ndugu sikuruhusiwa kuingia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameileta kahawa yangu kuwa utetezi, basi nikaitwa kuwa shahidi. Kikao kiliongozwa na meneja kutoka tawi lingine, asiyejuana naye. Msimamizi alikuja na mmoja wa wale wazee. Mjukuu wangu alikaa na mama mmoja wa meza ya kuchambua. Meneja akaniuliza kutafuna kahawa kwetu kuna maana gani.

"Maana yake umefika," nikasema. "Hata mwizi wa mbuzi wangu ningempa, kama sijajua bado kwamba ameiba."

Yule mzee akacheka, akajifunika mdomo kwa kofia. Msimamizi hakucheka.

"Waitu mama, usinivunjie heshima," akasema, akiniita kwa adabu ya kwetu. "Tulipatana kwenu, na wazee walikuwepo."

Kila upande uliruhusiwa kuuliza. Mjukuu wangu akainua mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Katika majibu yako uliandika kwamba hujawahi kuingia stoo na mimi wala kunigusa. Sasa kwetu ulikuja kupatana juu ya nini?"

Msimamizi akajifuta paji la uso. Akasema ulikuwa utani tu. Meneja akataka kujua ni utani gani. Akasema alimgusa bega, kidogo, pale stoo. Pale pale alipokuwa ameandika kwamba hakuingia. Ndipo yule mama wa mezani naye akasema bega lake linaufahamu utani huo. Mzee mwenye kofia akaacha kumtazama aliyemleta.

Msimamizi akafukuzwa. Akakata rufaa akidai ameonewa. Wakamwonyesha: tuhuma uliandikiwa, muda ulipewa, msindikizaji ulikuwa naye, uliuliza ukajibu. Hakupata pa kushika. Hapo ndipo nilipomwelewa yule msichana wa utumishi. Wangemfukuza siku ile nilivyotaka mimi, angerudi kwa kupitia kosa letu. Haki zake zote alipewa, na kila moja ikawa msumari. Mshahara wa siku zile ukaacha kuniuma.

Baadaye akaja tena, na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee mmoja tu. Alikuwa anatafuta kazi upande wa Maruku, akataka mtoto aseme neno jema juu yake. Nilikuwa namenya ndizi uani. Nikatoka na kisu changu, nikawaacha wasimame.

"Sema ulichofanya," nikamwambia.

"Mama, yaliyopita..."

"Hujasema."

Akamtazama mzee wake. Mzee akatazama migomba. Waliondoka na dumu lao likiwa limejaa, nami nikawasindikiza kwa macho hadi kona ya kibanja changu cha migomba. Nilifurahi, na sitaki mtu aandike vingine.

Kisha nikawaita wote, mwanangu, mkamwana na mjukuu, nikakiteremsha kikapu cha kahawa mbele yao.

"Kuanzia leo hiki kinalala chumbani kwangu. Mgeni mpeni kiti na maji. Aseme kwanza kilichomleta, mimi nikisikia, ndipo nitaamua kama atatafuna."