Nimechimba mtaro wa nyumba ambayo bado si yangu

Leo nimeitwa mjinga, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mnaikumbuka ile nyumba kuukuu ya Kinyinya ninayotaka kununua, nikarabati, nipangishe? Ukuta wa nyuma unavuja unyevu na una ufa. Na mimi sijawahi kukarabati hata banda la kuku.

Basi leo, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwezi, sikufanya kazi na majirani zangu wa Kicukiro. Nilibeba jembe nikaenda kule, nisikie watu wa mtaa wanasemaje.

Nikapangiwa kuzibua mtaro.
Nyuma ya nyumba ileile!

Mama mmoja tuliyekuwa tunachimba naye akaniambia, "Atakayenunua hii ni mjinga. Mvua ikinyesha, maji yote ya mlimani yanaingia humu."

Ndipo nikaitikia. Jamani, jembe likawa zito ghafla.

Tukatoa matope, chupa, hata godoro! Mwisho mzee mmoja akamwaga ndoo ya maji kule juu. Yakateremka mtaroni mpaka barabarani. Ukutani halikufika hata tone.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, huyo mjinga ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akayatazama matope yaliyonifika magotini, akaangua kicheko. "Basi karibu, jirani. Ufa utaziba. Ila mtaro huu tutauzibua sote, kila umuganda."

Jumatatu nampeleka fundi akague msingi kwanza. Sina haraka.

Nyie mnasemaje, ninunue?

Jembe nimeliacha kwa yule mama.