Namba Iliyovuka Milioni

Nilidhani mama mdogo anapoteza muda tu. Kila nilipoingia chumba chake cha ushonaji nilimkuta ameacha kushona, akiandika tarakimu kwa chaki juu ya meza nyeusi ya kukatia vitambaa, kisha akizifuta kwa kiganja. Nilisema moyoni: uzee huo. Ilhali ni mimi niliyempelekea namba ile aliyohangaika nayo.

Tangu utotoni, yeye na kaka yake, mjomba wangu, walikuwa na mchezo wao: mmoja hutaja namba, mwenzake huitafutia vigawo mpaka ivunjike. Namba zao hazikuzidi milioni, na kanuni ilikuwa moja: ukifika elfu moja bila kupata kigawo, basi hakipo, namba hiyo ni tasa, umeshindwa.

Mama yao alipofariki, mama mdogo aliibeba cherehani ya marehemu kabla hata waombolezaji hawajatawanyika. Mjomba alinuna, wakanuniana miaka mingi. Siku moja akaniita kwake.

"Mjomba," alisema, maana ndivyo tulivyoitana, "mpelekee yule mwizi wa cherehani namba hii: milioni moja, ishirini na mbili elfu, mia moja na kumi na saba. Akiivunja, aje tule. Na aje na uzi, suruali zangu zote zimechanika."

Mama mdogo alicheka hadi akashika kiuno. "Bado ana maneno huyo! Nitamvunjia mpaka akome."

Akaanza na tatu, saba, kumi na moja. Nguo za wateja zikalala. Alipofika mia tisa tisini na saba, namba tasa ya mwisho kabla ya elfu, hesabu bado ilibakiza. Akaweka chaki chini.

"Haivunjiki."

"Labda umekosea mahali, mama."

"Nimerudia zote. Kaka hakosei hesabu, mwanangu. Kanichagulia hii makusudi. Anasema nisikanyage kwake."

Shahada yangu ni ya historia. Sikuona la kubisha, nikamwachia uchungu wake na kuuita ukimya wangu heshima. Hakwenda. Mjomba akafariki, naye akamfuata mwaka uliofuata.

Juzi nilimtembelea mjane wa mjomba. Nilipomsimulia, alinikatiza.

"Haivunjiki? Mbona mume wangu kila gari likisimama nje alichungulia dirishani? Alikuwa akisema, 'Nimemrahisishia. Namba mbili tasa zinazofuatana, kama mimi na yeye.' Alipoona kimya, akajua dada yake hamtaki."

Nilirudi nyumbani nikaizidisha mwenyewe, mara mbili, kwa kutojiamini. Namba ile ilikuwa imevuka milioni, na kanuni yao haikufika huko. Ni elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu. Na elfu moja na tisa ndiyo namba tasa ya kwanza baada ya elfu, ile ambayo mama mdogo angeijaribu kama angeendelea na moja tu zaidi.