Nilimkejeli Mkurugenzi Kitabu Kizima, Akanipigia Makofi

Mtu niliyemkejeli kurasa mia mbili na kumi na mbili alinipigia simu kunipongeza.

Sio kunitisha. Sio kuniambia tuonane mahakamani. Kunipongeza!

"Umenivunja mbavu, bwana," akasema. "Njoo Ijumaa ofisini kwangu. Nataka wafanyakazi wote wakusikie."

Simu ilipokatika nikabaki nimeishikilia mkononi. Mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

"Karibu na hapo," nikamjibu.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hili jambo limenikaa kooni na nisipolisema nitapasuka.

Mimi naandika riwaya za kejeli. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha mwalimu mkuu aliyejipa zawadi ya mwanafunzi bora. Cha pili kilihusu kamati iliyokaa miaka saba kuchagua rangi ya mlango wa choo. Watu walicheka sana. Na hakuna hata mmoja aliyejiona ndani.

Hiyo ndiyo taabu ya kazi yangu. Unamchora mtu mpaka nywele za puani, anasoma, anakwambia, "Namjua mtu wa hivi, jirani yangu kabisa!"

Cha tatu nikasema hapana. Safari hii lazima mtu aumie.

Nikamchagua Mkurugenzi wa ofisi ya ardhi ya mji wetu. Kila mtu anajua anautaka uwanja wa shule ya msingi, ule niliochezea mpira mpaka nikang'oka jino. Anautaka ampe shemeji yake ajenge maghala. Mji mzima unanong'ona, hakuna anayesema.

Nikaandika miezi kumi na minne. Nikamweka mle na tumbo lake, kipara chake, gari lake jeupe na shemeji yake.

Nikapeleka kwa mchapishaji. Mhariri wangu, mama mmoja mpole sana, akanikalisha na mwanasheria wao. Mwanasheria akatoa kalamu nyekundu.

"Tumbo, toa. Kipara, toa. Gari jeupe, toa."

"Sawa."

"Uwanja wa shule, toa."

"Mheshimiwa, huo uwanja ndio kitabu chenyewe!"

"Una ushahidi?"

Sikuwa nao.

"Basi toa. Huyu mtu mpe tabia za mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hawezi kukushtaki. Mkurugenzi asijione."

Jamani, waandishi wenzangu mtanielewa. Hii tunafanya siku zote. Mtu unamvua sura yake, unamvika ya mwingine. Nikarudi nyumbani nikajiuliza, ni nani katika dunia hii hawezi kunishtaki?

Jibu likaja haraka mno. Baba yangu.

Mzee wangu alikuwa karani wa masjala, yaani mtunza mafaili, katika ofisi hiyohiyo ya ardhi kwa miaka thelathini na moja, mpaka akastaafishwa kabla ya wakati wake. Na ana vituko vya bure! Faili likipita mbele yake anahesabu kurasa kwa sauti, mara tatu, analamba kidole. Muhuri wa ofisi alikuwa anarudi nao nyumbani kila jioni, ameuficha ndani ya soksi. Hata baada ya kustaafu, ukienda kumsalimia lazima usaini daftari mlangoni, jina na saa ya kuingia. Hata mjukuu wa miaka mitano anasaini. Anachora jua.

Nikavimimina vyote kwenye kitabu. Mhusika nikamwita Bwana Utaratibu, mzee anayekwamisha mji mzima kwa kuhesabu karatasi. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani.

Kitabu kikatoka. Kikanunuliwa kama maji.

Wiki ya tatu dada yangu akanipigia.

"Umemfanya nini baba?"

"Nimemfanya nini tena?"

"Kaenda kunyoa. Kinyozi kamletea karatasi, kamwambia, 'Saini kwanza, Bwana Utaratibu.' Watu wote mle wakaangua kicheko. Mzee kainuka na kichwa kilichonyolewa nusu, karudi nyumbani hivyohivyo."

Nilitaka kucheka. Nakiri mbele yenu. Kisha nikajisikia vibaya.

Nikaenda kumwona. Mlangoni hakukuwa na daftari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

Basi. Nikakaa saa nzima naangalia ukuta. Nikamwambia kile ni kitabu tu, nilikuwa namsema Mkurugenzi, yeye nimemuazima tabia tu. Akaniangalia, akasema, "Haya." Baba yangu akisema haya kwa sauti ile, ujue umefungiwa mlango. Nikarudi mara ya pili, mara ya tatu, miezi miwili yote ikawa "haya" na "nzuri". Mwanamume mzima nalia ndani ya basi.

Ndipo ikaja ile simu ya Mkurugenzi.

Mke wangu akanikataza. Mimi nikang'ang'ania kwenda. Nilijiambia labda ana mpango wa kuniumbua mbele za watu, na nikajisemea afadhali iwe hivyo, angalau nijue mkuki ulifika.

Ijumaa nikaingia ukumbini. Wafanyakazi kama mia wamepangwa kwenye viti vya plastiki. Mkurugenzi amesimama mbele na kitabu changu kimejaa vikaratasi vya alama. Akasoma sura ya nne yote, ile ya kuhesabu kurasa. Akaigiza na kulamba kidole. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

Kisha akafunga kitabu.

"Ndugu zangu, mwandishi ametuonyesha ugonjwa wetu. Wananchi wanateseka kwa sababu ya akina Bwana Utaratibu. Kuanzia Jumatatu, hakuna kuhesabu kurasa. Faili likiletwa, linagongwa muhuri, linatoka. Mpigieni makofi!"

Wakanipigia makofi. Na yeye alipiga kuliko wote.

Mwanamke mmoja safu ya mwisho hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake. Sikumjua.

Baadaye Mkurugenzi akanipeleka ofisini kwake. Akaniagizia soda, akalegeza mkanda, akaniuliza, "Mzee hajambo?"

"Mzee yupi?"

"Baba yako! Unadhani sikumjua? Kurasa mbili tu nikasema, huyu ni yule mzee wa masjala! Halafu nikaangalia jina la mwandishi, jina la ukoo lilelile. Aisee, nilicheka!"

Nikaisogeza soda pembeni.

"Alinitesa yule mzee," akaendelea, kwa raha zote, kama tunaongelea mechi ya zamani. "Kuna faili lilikuwa na kurasa kumi na nane. Likarudi kwake na kumi na saba. Karatasi moja tu! Akakataa kugonga muhuri. Kila mwaka nalipeleka, kila mwaka anahesabu. Jioni moja nikatuma vijana wachukue muhuri kabatini. Haupo! Tulipekua ofisi nzima. Kumbe kwenye soksi! Nimekuja kujua kwenye kitabu chako."

"Ndiyo maana akastaafishwa mapema?"

"Nilimpumzisha. Lakini yule mama aliyemrithi, mwanafunzi wake, naye akawa anahesabu vilevile. Miaka minne! Sasa kitabu chako kimetoka, wenzake wanamwita Bi Utaratibu, kila akishika faili wanamcheka. Ameacha kuhesabu mwenyewe." Akanipiga begani. "Umenisaidia sana, mdogo wangu."

"Hilo faili," nikasema, "ni la nini?"

Akatabasamu.

"Kiwanja tu. Pale shuleni."

Sikumbuki nilitokaje mle. Nakumbuka nimesimama kando ya barabara, nimeshika kitabu changu, natamani kukitafuna. Ofisi nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyeona karatasi ya shule imechomolewa na akazuia ule wizi, na mimi, mpigania haki, mtaalamu wa kejeli, katika watu wote wa mji ule nikaenda kumcheka yeye.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Nikaenda moja kwa moja kwa baba. Nilimkuta anaanika shati uani. Sikusubiri hata marahaba.

"Baba, ni uwanja wa shule. Zile kurasa. Ule muhuri."

Akaendelea kubana vibanio.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Anajisifu bado." Akatikisa kichwa. "Haya."

"Baba, usiniambie haya! Nitukane! Nipige hata kofi! Kwa nini hukuniambia? Ningeandika kitabu kingine kabisa!"

Hapo ndipo aligeuka. Mzee wangu si mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo pia hakupaza.

"Uliniuliza lini?"

Akaweka vibanio chini.

"Tangu mdogo unanitazama nikihesabu," akasema. "Unacheka, unakwenda kuwaigizia wenzako. Sikukasirika, mtoto lazima acheke. Ukakua, ukaanza kuandika. Nikasema sasa atakuja kuniuliza, huyu kazi yake ni kujua watu. Sijakasirika kwa kuchekwa na kinyozi, mwanangu. Kinyozi hanijui."

Nilikaa chini palepale, kwenye saruji yenye maji. Akaniacha nikae. Baadaye akanivutia kigoda.

Jumatatu faili likapita. Halikuchukua hata nusu saa.

Nilimwomba mhariri wangu akitoe kitabu madukani. Akanihurumia, lakini akasema wanachapa toleo la pili, mkataba ni mkataba. Nikaenda kumtafuta yule mama wa masjala, kumbe ndiye yule wa safu ya mwisho ukumbini, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Kaka, mimi nina watoto, nimechoka kuchekwa." Nikaandika gazetini ukweli wote, hatua kwa hatua, bila utani hata chembe. Baba alinisimulia, mimi nikaandika, tukaketi siku mbili. Alikuwa ameniruhusu kumuuliza chochote.

Mnajua watu walisema nini?

"Huyu jamaa haishiwi vituko!"

"Sehemu ya soksi imeniua!"

Nimejenga jina kwa miaka kumi na tano ili watu wakiniona wacheke. Sasa nalia, na wao wanacheka. Sina wa kumlaumu. Mkurugenzi alinikuta na kisu tayari nimekinoa, yeye akakigeuza tu upande.

Ukuta wa maghala umefika kiunoni. Watoto wa shule wanacheza mpira barabarani, mwalimu mmoja amesimama katikati na kitambaa chekundu kusimamisha magari.

Somo langu ni hili, na nalisema nikiwa na hasira bado. Ukimwona mtu anafanya jambo linalokuchekesha, muulize kwanza kwa nini analifanya. Kama jibu nalo linachekesha, cheka mpaka uchoke. Lakini uliza. Hasa kama mtu huyo ni wa kwenu, mnakula naye meza moja, na unadhani unamjua.

Na wewe unayetaka kuniwekea kile kikatuni cha kicheko hapo chini, nakuomba, leo uniache.