Nyumba ya Reli Katika Shimo la Kokoto

Katika miaka ile ya themanini, siku za kazi nilikuwa nachora majiko. Nilikuwa nimesomea usanifu wa majengo chuo kikuu, na ofisi moja ya Stockholm ilinipa meza, taa, na jukumu la kuamua sinki likae wapi katika nyumba za watu nisiowajua. Jumamosi nilichora kitu kingine: vituo vya mashindano ya kulenga shabaha.

Katika mchezo huo mshindani hasimami mahali pamoja akitazama duara. Anapita kati ya kuta za mbao na magunia, anafungua mlango, anageuka, na kila anapogeuka anakutana na shabaha za kadibodi. Za kahawia anazipiga. Nyeupe ni mtu asiye na hatia, na anayeipiga hupoteza alama. Mpangilio mmoja wa namna hiyo ndio tuliouita kituo. Klabu yetu ilitumia shimo la zamani la kokoto nje ya Upplands Väsby, lenye tuta refu upande wa nyuma, na kulikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: mtutu wa bastola hauelekei popote ila kwenye tuta. Kwa hiyo nyumba zangu zote zilikuwa wazi upande mmoja, kama jukwaa la maigizo. Kazi ya mchoraji ilikuwa kumshangaza mtu bila kumfanya awe hatari kwa wenzake.

Kila shindano lilikuwa na kituo kimoja ambacho hakuna mshindani aliyeruhusiwa kukiona mapema. Washindani walikaa nyuma ya kibanda cha klabu, wakinywa kahawa, wakaitwa mmoja mmoja. Kituo hicho nilikabidhiwa mimi kwa kuwa nilikuwa msanifu, na nadhani pia kwa kuwa sikuonekana kuwa na marafiki wengi wa kuwanong'oneza.

Nilikuwa naye mmoja. Alikuwa Mganda, aliyeingia Sweden akiwa mkimbizi, na sasa aliendesha treni za chini ya ardhi, zile zinazoishia upande wa Hässelby. Mimi ndiye niliyempeleka klabuni. Alipiga kwa bastola ya klabu, na alikuwa akisubiri jambo moja tu: cheti cha mwenyekiti cha kuthibitisha kwamba yeye ni mwanachama wa kuaminika. Bila cheti hicho polisi wasingempa kibali cha kumiliki bastola yake mwenyewe.

"Si bastola ninayoitaka sana," aliniambia siku moja. "Kwetu nilikimbia watu wenye bunduki. Nataka nchi moja iniandikie kwamba mimi si mmoja wao."

Taabu ilikuwa kwamba katika kituo changu alipiga vizuri kupita kiasi. Kwenye vituo vya wengine alikuwa mtu wa katikati. Kwenye changu alipita kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka kazini. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa sauti ya chini, aliliona hilo kabla yangu.

"Rafiki yako hatafuti," alisema. "Anakwenda tu. Nani huiona michoro yako?"

"Hakuna."

"Nyumbani kwako?"

"Mke wangu."

"Na rafiki yako hukutembelea?"

Nilikubali kwamba hunitembelea. Mwenyekiti aliikoroga kahawa yake ingawa hakuwa ametia sukari. Akasema kwamba cheti kitasubiri kidogo.

Tangu hapo nilianza kumchunguza rafiki yangu. Alipokuja kwetu Tumba, kitongoji cha Stockholm, nilikumbuka baadaye alikaa kiti gani, macho yake yalipita wapi, na kama aliachwa peke yake wakati chai inaandaliwa. Akisifu pazia, nilijiuliza kwa nini alikuwa akitazama dirishani, karibu na meza yangu ya kuchorea. Nilihamisha michoro kabatini, kisha chini ya godoro, na huko ndiko mke wangu alikoikuta.

"Baba watoto, hizi karatasi umeziiba?"

"Ni za klabu."

"Basi zilale kwa mwenyekiti, mimi mgongo unaniuma. Watu wazima na shahada zenu, mnaviziana kwa ajili ya makadibodi!"

Shindano lililofuata sikuchora chochote. Nilifika shimoni alfajiri, tukiwa wawili tu na mwenyekiti, nikakijenga kituo kutoka kichwani huku yeye akinishikia mbao. Hatukuachana hata kidogo mpaka washindani walipoanza kuitwa. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaingia. Alipita chumba cha kwanza, akapiga shabaha za chumba cha kushoto, akatoka mlango wa nyuma, na pale ng'ambo aliiacha shabaha nyeupe ilivyo, akaipiga ya kahawia iliyojificha nyuma yake. Hakusita popote. Nilipogeuka, mwenyekiti hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi.

Kwenye treni ya kurudi mjini nilishindwa kuvumilia.

"Niambie ukweli. Nani anakuambia?"

"Ananiambia nini?"

"Kituo kilivyo."

Alinikazia macho kama mtu anayeulizwa jina lake na ndugu yake. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Baraza. Sebule. Chumba cha kulala kushoto. Mlango wa nyuma, ua, jiko liko peke yake ng'ambo, choo pembeni. Hebu nikumbushe, mzee wako alikuwa akifanya kazi gani?"

"Karani wa stesheni, Nakuru."

"Wangu alikuwa fundi wa injini, Tororo. Reli ilikuwa moja, na kota za wafanyakazi wake zilikuwa ramani moja. Ukinifunga kitambaa nikaingia kwenu Nakuru, sukari nitaipata. Bwana, kila mara unatujengea kota ya reli! Mara ya kwanza nilitaka kuvua viatu."

Alicheka, na abiria wa mbele yetu akahama kiti. Mimi sikucheka. Wiki nzima nilipanga majiko ya Waswidi, na Jumamosi mkono wangu ulikuwa ukirudi kwetu bila kuniaga.

"Na yule mweupe unamweka jikoni daima," aliongeza. "Nani angempiga mama?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Nilidhani unanisaidia. Kumbe ulikuwa unanishuku."



Nilimweleza mwenyekiti yote, nikamchorea kota ya Nakuru na kituo changu bega kwa bega. Alivitazama vizuri, kisha akasema, "Inavutia." Nilikuwa nimeishi Sweden muda wa kutosha kujua kwamba neno hilo, likitamkwa taratibu, huwa linafunga mlango. Kituo cha siri cha shindano lililofuata, alisema, angekijenga mwenyewe, na cheti kingetegemea atakachokiona.

Alijenga nyumba ndogo ya mapumziko ya Kiswidi, ngazi mbele, chumba kimoja kirefu, shabaha nyeupe nyuma tu ya mlango. Rafiki yangu aliingia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudi nyuma hatua moja, mgeni kabisa. Kisha akaipiga ile nyeupe, katikati ya kifua.

"Kumbe hukosea kama sisi," alisema mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza nilisikia uchangamfu katika sauti yake. Cheti kilitiwa saini juu ya meza ya kahawa kabla hatujabomoa kuta.

Nimeifikiria risasi ile miaka mingi. Hata siku zake mbaya kuliko zote, katika vituo vya watu wengine ambavyo hakuvijua, rafiki yangu hakuwahi kuigusa shabaha nyeupe. Angeacha za kahawia zote kuliko kuihatarisha hiyo moja. Na mtu anayetaka kuaminiwa na watu wanaoogopa uhodari wake hahitaji shahada ya chuo kikuu ili ajue la kufanya.

Kwenye treni alikitia cheti katika mfuko wa ndani wa koti.

"Yule mweupe," nilimuuliza, "hukumwona?"

Alifunga kifungo cha mfuko polepole.

"Halikuwa jiko letu," akasema, akageukia dirisha.